Ndama kwenye Ubao wa Bwana Himid

Carama, 1 Februari 1998

Byamungu, ulisema niandike kila anachofanya mtoto, ili siku ukirudi kutoka Kigoma msionane wageni. Haya, naanza. Leo Landry amecheka. Hakucheka na mimi, amecheka na kuku wa jirani aliyekuja kujificha mvua mlangoni kwetu. Nimechoka. Kesho nitaongeza.

4 Februari

Mvua. Mtoto amelala, mi pia.

7 Februari

Leo nimeshika burashi, mara ya kwanza tangu homa iniachie. Ubao wa bwana Himid umeegemea ukuta pale pale ulipouacha: ng'ombe wako wa penseli, majani yako ya penseli, jua lako la penseli lenye miale kama vidole. Mi ni mtu wa kujaza, unajua. Wewe unachora, mi najaza. Nimejaza mbingu yote. Buluu ilikuwa imeshika ngozi juu kama uji uliopoa, nikaitoboa kwa kijiti, chini yake ikawa mpya kabisa. Nilipomaliza nikakaa kuitazama hiyo mbingu isiyo na hata wingu moja, na huku nje kunanyesha bila kupumzika, nikaona kama nimefungua dirisha la nchi ingine.

Bwana Himid bado anataka kufungua mahali pa chai na maziwa pembeni ya duka lake la vitambaa, kule mtaa wa Asiatique. Ameahidi kunilipa kwa mikebe ya maziwa ya unga. Ndiyo maana najaza haraka. Homa ilipoondoka iliondoka na maziwa yangu, Byamungu. Sikukutumia hiyo habari, lakini humu naweza kuiandika. Landry ananyonya, anaacha, ananitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

10 Februari

Nimeshuka Asiatique na mtoto mgongoni. Bwana Himid alinikalisha juu ya jora la kitambaa, akaniletea chai, akauliza habari zako, za mtoto, za paa letu. Kisha akasema maziwa ya unga hakuna. Kwake hakuna, kwa wenzake hakuna, embargo imekaza, mizigo haivuki mpaka.

"Subira, bibi Byamungu. Mzigo ukipita, mkebe wa kwanza ni wa huyu mwanangu, inshallah."

Akanipa mkebe mtupu wenye picha ya ng'ombe mweusi na mweupe, nimalizie ubao kwa kumwangalia huyo. Mkebe mtupu. Nilishukuru.

Nikapitia dispanseri. Muuguzi akabonyeza tumbo la Landry, akasema: maziwa ya ng'ombe, uongeze maji, uchemshe mpaka yapande, ushushe, yapande tena. Akasema na kingine juu ya uzito ambacho sitaki kukiandika.

11 Februari

Ng'ombe aliyebaki huku kwetu ni mmoja, wa mukecuru Candide, ng'ambo ya mahindi. Unamkumbuka: yule bibi mzee mrefu anayepita bila kusalimu, na wewe ukasema amemeza ufagio. Ng'ombe anaitwa Gaju, mwekundu kama tofali lililolowa, pembe zake ndefu mtu anaweza kuanika nguo. Ana ndama wa kike wa miezi miwili.

Nilikuwa namwogopa. Watu wanasema hataki mtu akanyage kwenye zizi lake asubuhi, na mi nilijua sababu, nilidhani najua: anaongeza maji kwenye maziwa. Alinisikiliza kwenye ua, mvua inatunyeshea wote wawili. Hakusema apana. Alisema tu kwamba maziwa ya Gaju hayachemshwi. Kwao ukichemsha maziwa, ng'ombe anaumia kiwele, kinapasuka, kinakauka.

"Mukecuru, mi nitachemsha," nikamwambia. "Dispanseri ndivyo wamesema. Sitaki kukudanganya."

Alinitazama. Kisha akageuza uso akaangalia mahindi.

"Mi sijasikia," akasema. "Lete chombo."

Kwa malipo nitapalilia mahindi yake.

15 Februari

Landry amekunywa yote, amelala na mdomo wazi. Nimepalilia mistari ya chini.

19 Februari

Amekunywa. Mashavu yanarudi. Nimejaza majani ya ubao, kijani chote kimeisha.

22 Februari

Nimeota Gaju ameingia nyumbani kwetu, pembe zimepita mlangoni bila kugusa, akalala pembeni ya kitanda na mvuke unamtoka. Nikaamka, kumbe ni Landry ananipumulia shingoni.

25 Februari

Leo nimejua siri ya zizi. Nilienda mapema kwa sababu mtoto alikuwa na njaa, nikasikia mukecuru anaimba chini chini nyuma ya mkeka. Nikachungulia. Amepiga magoti, icansi lake, kile chombo cha mti cha kukamia, amekibana mapajani, anakama mwenyewe. Ndama amefungwa mbele ya mama yake, Gaju anamlamba kichwa, na maziwa yanateremka bila kulazimishwa.

Kwao mwanamke hakami ng'ombe, Byamungu. Analima, anapika, anasukasuka maziwa mpaka siagi, lakini kiwele ni kazi ya wanaume. Mume wake na vijana wake hawapo tangu mwaka wa tisini na tatu. Haelezi na mi siulizi. Kumbe mkeka ni wa aibu, maji haongezi. Nikarudi nyuma polepole, nikakohoa mbali kama ndiyo nafika sasa.

Nimepalilia mpaka kwenye mfereji, bila kuombwa.

3 Machi

Mvua. Amekunywa.

8 Machi

Amekunywa, akaniotea jino! Limetoka kama punje ya mchele. Mukecuru Candide alilishika kwa kidole, akanyoosha mdomo. Sikujua kama ndivyo anavyocheka.

15 Machi, parokiani

Naandika magotini. Juzi jioni risasi zilianza upande wa Rukoko, tukadhani zitapita mbali kama kawaida, kisha zikawa karibu. Nikamfunga Landry mgongoni na kukimbia na wengine kwenye barabara. Kwa mukecuru nikamkuta anamvuta Gaju kwa kamba. Ndama alikuwa kwenye kibanda chake, maana usiku wanamtenga asimalize maziwa, na mlango wa kibanda ni miti iliyopachikwa mmoja juu ya mwingine. Mvua ilikuwa imeivimbisha. Mukecuru anavuta, haitoki. Anavuta, haitoki. Gaju analia, ndama anajibu.

Nikamshika mkono, nikamwambia muache. Akanitoa mkono. Nikamshika tena, kwa nguvu, kama navyomshika Landry akitaka kugusa moto, nikamvuta. Alinifuata. Njia yote hakunitazama. Tulikimbia, mi na mtoto, yeye na ng'ombe, na nyuma yetu ile sauti ndogo inaita mpaka mvua ikaifunika.

Hapa tumelala sakafuni na watu wengi. Gaju yuko uani na mbuzi za watu. Hajaacha kuita.

16 Machi

Tumerudi. Nyumba yetu wamevunja kufuli tu, ubao wako haukuguswa. Kwa mukecuru miti ya kibanda imetolewa yote, kumbe ilitoka vizuri kwa wenye haraka. Kuna majivu ya moto chini ya ndizi. Ndama hakuna. Hata ngozi walienda nayo.

18 Machi

Gaju hatoi maziwa. Mukecuru ameimba, amempapasa, amemwagia maji ya uvuguvugu. Kiwele kimejaa, kinang'aa, kinamuuma, na chuchu zimefungwa. Leo nilifika na chombo changu. Mukecuru alisimama mlangoni pa zizi.

"Sasa nimesikia unachemsha," akasema.

Nikarudi na chombo kitupu. Nimempa mtoto maji ya mchele.

19 Machi

Maji ya mchele. Amelia.

20 Machi

Maji ya mchele. Hakulia sana, na hiyo inanitisha kuliko kilio.

21 Machi

Jioni mukecuru Candide amekuja nyumbani, mara ya kwanza tangu tukae huku. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nguo zinachuruzika. Nikafikiri amekuja kunitukana, nikajiandaa, nikasema moyoni nitamjibu kwa heshima lakini nitamjibu. Hakunitukana. Aliuona ubao. Aliinuka, akamkaribia yule ng'ombe wa mkebe, nusu amejazwa, nusu penseli.

"Huyu ni wa nchi gani?"

Nikamwambia ni wa maziwa ya unga.

"Hana pembe. Na mgongo kama meza. Nani alimfanya hivi?"

Nikasema ni mume wangu. Samahani, Byamungu. Kicheko kilimtoka puani, kidogo sana, kisha kikakatika. Akakaa tena, akanieleza taratibu, kana kwamba mi ndiye niliyeuliza.

Ndama akifa, ng'ombe hafungui maziwa bila mtoto wake mbele. Basi kwao wanachuna ngozi ya ndama, wanaikausha, wakati wa kukama wanaiweka mbele ya mama. Anainusa, anailamba, anaachia. Kila mtu anajua ni ngozi. Labda na ng'ombe anajua.

"Mi sina ngozi," akasema. "We una rangi. Nichoree inyana yangu, yule ndama."

Nikamwambia ukweli, kwamba mi najaza tu, kuchora sijui, mchoraji yuko Kigoma. Mukecuru akamtazama Landry kwenye mkeka. Mtoto alikuwa macho, hachezi, anatazama dari.

"Basi tutamngoja wa Kigoma?" akasema.

22 Machi

Nimegeuza ubao, nikachora upande wa nyuma. Nilimtazama ng'ombe wa mkebe, nikamfanya mdogo: mweusi na mweupe, rangi nzuri ya mafuta, inang'aa kama kiatu. Tuliubeba wawili mpaka zizini, tukauegemeza. Gaju akaja mbio. Akanusa mara moja. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, inanuka yale mafuta ya kuoshea burashi. Alipiga chafya, akarudi nyuma kwa mateke, icansi likaruka, likagonga jiwe, likapata ufa.

Mukecuru aliokota icansi lake, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Umemletea mtoto wa mkebe," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali.

23 Machi

Nimekwangua ubao siku nzima kwa kisu cha jikoni. Maji ya mchele. Landry anakohoa. Bwana Himid nimempigia simu kutoka kwa jirani, mzigo bado.

24 Machi

Hii nataka kuiandika vizuri.

Asubuhi niliamka nikajiambia, Lisette, ng'ombe hasomi mkebe. Nikamwita mukecuru, nikamketisha mbele ya ubao mtupu, nikashika mkaa.

"Niambie alivyokuwa," nikasema.

"Alikuwa mwekundu."

"Wekundu ni wengi. Anza na masikio."

Akafumba macho. Akaanza na masikio. Yalikuwa makubwa kuliko kichwa, moja linaanguka kuliko lingine, la kushoto, kwa sababu alilalia upande huo tumboni. Mi nachora kwa mkaa, yeye hafungui macho, anaongea. Kwenye paji la uso alikuwa na nywele zilizozunguka kama maji yanapoingia shimoni. Magoti meusi, kama amepiga magoti jikoni. Mkia umelowa kila wakati. Akaacha maneno, akawa anaonyesha kwa mikono hewani: hapa mgongo, hapa unashuka, hapa tumbo. Nikaweka mkaa pale mikono yake ilipopita. Sikujua kama nachora. Nilidhani nafuata. Wewe ukichora unasogea nyuma, unafumba jicho moja. Mi sikusogea nyuma hata mara moja, na mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka nyumba yote ikawa kama ndani ya ngoma, na mukecuru anaongea, na mtoto amelala, na saa hazikuwepo.

Alipofumbua macho aliusogelea ubao. Kisha akagusa sikio la kushoto.

"Lishushe," akasema. "Kidogo."

Nikalishusha.

Rangi za mikebe niliziacha. Nilichota udongo mwekundu kwenye mfereji nilikofikia nikipalilia, nikauchuja kwenye kitambaa cha mtoto, nikaukoroga na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Magoti kwa masizi ya sufuria. Tumbo kwa majivu. Nikaonja mwenyewe, kwa sababu atakayelamba ni mama mnyonyeshaji. Ilikuwa na ladha ya mvua. Nikaongeza chumvi, karibu yote tuliyokuwa nayo.

Na kwa sababu rangi ilikuwa imebaki, nikamwekea majani chini ya miguu na kilima nyuma, ili asisimame peke yake pasipo na kitu.

Jioni, zizini. Gaju alikuja polepole safari hii. Alisimama mbali, akatazama. Mukecuru amepiga magoti na icansi alilolifunga kamba, anaimba kile kitu chake cha chini chini. Mi nimekaa nyuma ya ubao nikiushika, Landry mgongoni. Nikasikia pumzi upande wa pili, pana, ya moto, kwenye mbao. Kisha ulimi. Ukwaruzaji mrefu, ubao wote ukatetemeka mikononi mwangu. Akalamba tena. Mukecuru akakamua.

Hakuna kitu.

Akalamba. Hakuna kitu. Nikaanza kulia bila sauti, siyo kwa huzuni, ni kuchoka tu, na mgongo wangu ukawa unatikisika, na kwa kutikisika huko Landry akaamka. Akalia. Si kile kilio kikubwa, ni kile chembamba cha njaa, kama mlango mdogo unaofunguliwa.

Gaju aliacha kulamba. Nikaona masikio yake juu ya ubao, yamesimama. Akatoa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mm, mm, ya ndani ya kifua, siyo ile ya kuita. Hii ni ya kujibu.

Na kwenye icansi nikasikia mstari wa kwanza wa maziwa.

Mukecuru hakuinua kichwa. Aliniambia tu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba sahani, "Muache alie."

Nikamuacha alie.

25 Machi

Nimechora. Amelamba. Mtoto amekunywa.

26 Machi

Nimechora. Amelamba mpaka ubao mtupu. Amekunywa.

27 Machi

Nimechemsha nyumbani, mlango wazi kwa moshi, mukecuru akapita. Alisimama. Akauvuta mlango, akaufunga mwenyewe kutoka nje, akaendelea na safari yake.

1 Aprili

Nimechora. Kila jioni ulimi unamla wote, udongo, masizi, kilima na majani, na kila asubuhi namrudisha. Mwanzo nilimwita mukecuru anisahihishe. Sasa mkono unajua njia. Sikio la kushoto, zunguko la paji, magoti. Kuna asubuhi naona kama simchori, namfuta ukungu tu, alikuwa humo.

5 Aprili, Jumapili ya Matawi

Chumvi imekwisha. Bwana Himid ametuma kifurushi kwa dereva, na neno kwamba chumvi anayo hata kama dunia yote itakwama, na ubao wake je? Nilimjibu kwamba ubao unaendelea. Siyo uongo.

12 Aprili, Pasaka

Nimechora. Leo nimemfanya mkubwa zaidi kidogo, miguu mirefu, kwa sababu angekuwa amekua. Mukecuru aliona. Jioni ameniletea siagi kwenye jani la ndizi.

16 Aprili

Leo doria ya askari imepita wakati wa kukama. Mkeka ulikuwa umeangushwa na upepo. Hebu fikiria walichokiona: mke wa fundi rangi amekaa matopeni anashikilia ubao, mtoto mgongoni anapiga kelele, ng'ombe analamba picha, na mwanamke mzee amepiga magoti kwenye kiwele mchana kweupe. Mukecuru aligeuka jiwe. Aibu ilimpanda mpaka kwenye masikio.

Mmoja alikaribia, kijana, bunduki begani, maji yanamtoka kwenye kofia. Wenzake wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alimtazama yule ndama, akauliza nani amemchora. Nikasema ni mimi, na nikamtazama machoni, kwa sababu kama anataka kutudhihaki anidhihaki mimi, amuache mzee.

"Kwetu Mwaro tulikuwa tunaweka ngozi," akasema.

"Ngozi walikula," nikasema. Sikusema nani.

Akavuta kofia chini. Kisha akatugeuzia mgongo, akasimama hivyo kwenye mvua akitazama barabara mpaka mukecuru alipomaliza kukama. Wenzake walipoona hivyo wakaacha kucheka. Alipoondoka hakugeuka nyuma. Mukecuru alibaki amepiga magoti na icansi limejaa.

"Ana mama," akasema.

Mkeka hakuurudisha. Tangu leo anakama peupe.

23 Aprili

Mtoto anakaa bila kushikwa. Nimechora, nikamwongezea vijipembe, kama vidonda viwili vya mbu.

29 Aprili

Risasi mbali. Hatukukimbia. Ndama huyu hafungwi kwa miti, nimemwegemeza ndani pembeni ya kitanda. Byamungu, usicheke. Nilimfunika.

6 Mei

Landry alitia mkono kwenye rangi, akajipaka mpaka kiwiko. Kabla sijamfuta tulikuwa zizini, naye alichungulia pembeni ya ubao na kunyoosha mkono. Ulimi ukamfikia. Nilishtuka, nikataka kumvuta, mukecuru akasema niache. Gaju alimlamba mkono wote, akapanda shingoni, akapita sikio. Mtoto alishika pumzi. Kisha alicheka, kicheko cha tumbo, akicheka anamtazama mama wa mwingine usoni.

Sikuona wivu. Niliandika mwanzoni kwamba alicheka na kuku na siyo na mimi, nilikuwa mtu mwingine.

"Amelambwa," mukecuru akasema. "Hapotei tena."

11 Mei

Mvua imekatika, siku ya tatu. Leo Gaju aliulamba ubao kidogo tu, kwa adabu, akaacha, akamgeukia Landry. Mukecuru anasema kesho tujaribu bila ubao.

12 Mei

Bila ubao. Ameachia.

Nilirudi nyumbani, nikaosha burashi ambayo haikuwa na rangi.

18 Mei

Bwana Himid amekuja mwenyewe na gari lake, viatu vyake vikaharibika kwenye mfereji. Ameleta mkebe wa maziwa ya unga, mzigo umepita. Ameleta na salamu zako: kazi yako ya kupaka rangi mashua imeongezeka, utakaa mpaka mwaka uishe. Nilisikiliza. Nilisema sawa, na nilishangaa kwamba ni sawa.

Tulimkorogea Landry kijiko kimoja. Akakitema kwenye kanzu ya bwana Himid. Mukecuru alitia kidole kwenye ule unga, akaonja.

"Hii wameichemsha mara ngapi?" akauliza.

Bwana Himid akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kisha akauliza ubao wake. Nikamwonyesha: mbele, ng'ombe wa mkebe nusu penseli, nyuma, mbao tupu, iliyolambwa ikawa laini kama kiganja. Alipitisha mkono hapo mara mbili, akauliza imekuwaje, nikamweleza yote. Mashallah, akasema, halafu akasema lakini duka la chai linafunguliwa Jumamosi.

22 Mei

Nimemchora Gaju kwenye upande uliolambwa. Kwa rangi za mafuta sasa, maana huyu hataliwa. Nimechanganya nyekundu na kahawia mpaka ikawa tofali lililolowa. Pembe zimefika ukingoni. Majani ya baada ya mvua, kilima cha nyuma, mbingu yenye mawingu. Penseli yako sikuitumia. Amesimama, shingo ameinamisha, ulimi nje. Na mbele ya ulimi nimeacha mbao wazi.

Mukecuru alikuja kumwona. Alisogea karibu, akamsalimu, kile wanachosemeana kwao kutakiana ng'ombe wengi, akaenda zake kulima.

23 Mei

Tumeshuka Asiatique sote watatu, mukecuru amevaa kitambaa cha kanisani. Ubao ulikuwa umeegemezwa chini, ukutani, unangoja misumari. Watu walikuwa wanasimama. Bwana Himid alitutolea chai yenye maziwa, mukecuru akaitazama tu, kwa heshima, mpaka ikapoa.

"Kazi nzuri, bibi Byamungu," bwana Himid akasema. "Ila hapa hujamaliza." Akaonyesha ile mbao wazi. "Jaza kitu. Ua, jani, chochote."

Maisha yangu yote mtu akisema jaza, najaza.

"Nimemaliza, bwana Himid," nikasema.

Akaenda kutafuta misumari. Wakati huo Landry, niliyekuwa nimemweka kwenye mkeka wa duka, alikuwa ameanza kutambaa, mara ya kwanza, andika hiyo moyoni, Byamungu, mara ya kwanza, tumbo chini, kiwiko, kiwiko, mpaka kwenye ubao. Akaweka kiganja chake pale pasipo na rangi. Akatulia, anangoja ulimi.